Jina Lenye R Mbili

Picha za hati zilikuja kutoka Mwanza zimeviringishwa ndani ya bomba la plastiki, lile la maji ya bafuni, na shangazi alipozitoa mezani zilikataa kulala. Ukibana kona hii, ile inajikunja. Tuliziwekea vikombe vya chai kwenye pembe zote ndipo zikatulia, nami nikaziona vizuri. Zilikuwa na rangi ya chai iliyomwagika, kingo zimechapwa kama zimeungua, mihuri myekundu chini, na maandishi ya mkono yamelala upande mmoja kama nyasi baada ya ng'ombe kupita. Lakini ukizigusa ni laini, mpya kabisa. Uzee wote ulikuwa wino.

"Hizi ni nini?" niliuliza.

"Mapambo," shangazi alisema. "Hati za wakoloni. Mikataba, amri, sijui barua za magavana. Gesti za Geita zote zinazitaka sasa hivi. Mtu akishapata dhahabu anataka ukuta wake uonekane umesoma."

Shangazi ni dada wa baba yangu. Ana duka la fremu hapa Kahama, karibu na soko, na mimi ninaishi kwake kwa sababu ya shule. Baba yuko machimboni Geita, anarudi anapokumbuka. Mama yuko kijijini Ushetu, kwa baba yake mzazi, analima. Mimi nikitoka shule ninakata kadibodi, ninafuta vioo, ninapiga pini nyuma ya fremu. Kabla ya hizi hati tulikuwa tunatia fremu za harusi, mahafali na marehemu. Marehemu ndio wengi.

Mteja wa kwanza wa hati alikuwa mwenye maduara, yaani yale mashimo ya dhahabu, mtu wa tumbo na simu tatu. Alichagua nne bila kuinama.

"Niwekee zenye mihuri mingi," alisema.

"Hii ni ya Kijerumani," shangazi alimwambia. "Hatujui inasemaje."

"Inasema mimi ni tajiri. Funga."

Kila hati ilikuwa na mstari mdogo chini kabisa, herufi kama mayai ya chawa: Pambo la ukutani. Isiloweshwe. Shangazi alinifundisha kuishusha hati mpaka ubao wa fremu uumeze mstari ule. "Mteja hanunui pambo," aliniambia, "ananunua hati." Nikawa fundi wa kumeza mistari. Kazi ya kimya ilinifaa, kwa sababu mimi sikuwa mtu wa kufungua mdomo mbele za watu.

Niseme kwa nini. Nilipoingia kidato cha kwanza nilitoka kijijini moja kwa moja, na nyumbani kwetu tunaongea Kisukuma. Kisukuma hakina R. Sisi R zote tunazigeuza L, na hatusikii tofauti, kama mtu asiyesikia harufu ya nyumba yake. Wiki ya kwanza mwalimu wa Kiswahili alinisimamisha nisome habari ya uchaguzi. Nikasoma kwa sauti, tena kwa kujiamini, kwamba wananchi walijitokeza kupiga kula na kumchagua Lais.

Darasa lilianguka. Mwalimu mwenyewe alifuta machozi kwa kicheko. "Walipiga kula?" aliniuliza. "Kula nini, ugali au wali?" Kisha akanifanya niume kalamu kwa meno na kusema rudi, rangi, robo, reli, mbele ya watu hamsini, mate yakinitiririka kwenye tai ya shule. Kuanzia siku ile jina langu likawa Lais. Nikiingia darasani wanasimama wote. "Lais kaja! Mheshimiwa Lais, tulie au tucheke?" Wasichana wa bwenini walinitumia ujumbe kwenye vikaratasi: lafiki yangu, naomba lula. Na wengine kati yao walikuwa watoto wa huku huku, mama zao wanasema kalanga sokoni kila siku. Hao ndio waliocheka kupita wote.

Nilinyamaza miaka miwili. Lakini kila asubuhi kwenye bafu la shangazi niliuma penseli na kusema rudi, rangi, robo, reli, mpaka ulimi ukashika. Kidato cha tatu R yangu ilikuwa inazunguka kama cherehani. Hakuna aliyejua, kwa sababu sikuwa ninaongea.

Mtu mmoja tu duniani nilikuwa ninaongea naye bila kupima: babu, baba wa mama yangu. Kwetu babu na mjukuu wa kike ni watani, ananiita mke wangu na mimi namtukana kama mke. Alikuwa anakuja Kahama kila baada ya miezi miwili kuchukua dawa ya macho, na hawezi kupita dukani bila kukaa kwenye kigoda changu.

"Shikamoo babu."

"Malahaba, mke wangu. Umenipikia nini?"

"Nimekupikia mawe. Meno yenyewe huna, utatafuna nini?"

"Haya, endelea kunidhalau. Nitaoa mwingine."

"Oa. Mimi nina mwenye maduara wangu, ana simu tatu, ananijia na gari."

Babu anacheka mpaka anakohoa, na shangazi anatikisa kichwa nyuma ya kaunta. Nyuma ya mgongo wake shangazi alikuwa anamwiga: kalatasi, selikali, dalasani. Alikuwa ananiiga na mimi pia, lakini mimi ananiiga mbele ya uso.

Siku moja babu alikuta hati moja iko mezani kwangu. Ilikuwa moja peke yake ya Kiswahili, Kiswahili cha zamani chenye maneno yaliyoshikana. Nilikuwa nimeshaifunga kwenye fremu nyeusi, mstari mdogo nimeshaumeza. Babu hajui kusoma. Alipitisha kidole juu ya kioo.

"Hii misalaba ni makabuli?"

"Si makaburi, babu. Ni watu waliokuwa hawajui kuandika. Kila mtu alichora msalaba mbele ya jina lake."

Mkono wake ukasimama.

Lazima nieleze. Ukoo wa mama una hadithi moja tu, na inasimuliwa kila msimu wa kuotesha mpunga. Babu wa babu yangu alikuwa mwanangwa, yaani mkuu wa kijiji chini ya mtemi. Wazungu walipokuja kugawa nchi walimpa kalamu, akachora msalaba kwenye karatasi, na lile bonde la mpunga likabaki kuwa lake. Karatasi haijulikani iliko. Wakati huo huo jirani yetu, mwenye mabani ya kukaushia tumbaku, alikuwa amepiga vigingi kwenye majaruba yetu matatu ya chini, yale yanayoshika maji mpaka mwisho. Alisema baba yake alimwazima babu tu. Majaruba matatu yale ndiyo mpunga wa mama wa mwaka mzima. Ya juu yakikauka, na huwa yanakauka, tunakula udaga, ugali wa muhogo.

"Nisomee, mke wangu," babu alisema.

Nikasoma. Inasema majumbe ambao majina yao yako chini, kila mmoja atakaa na watu wake kwenye bonde alilomkuta baba yake analilima, na kila mmoja atatoa vijana wa kuchimba barabara akiitwa. Kisha majina. La kwanza, la pili, la tatu. Nilikuwa ninamsomea babu, kwa hiyo mdomo wangu ulikuwa umerudi nyumbani bila kuniuliza. Nilipofika jina la sita nililisoma kwa L mbili.

Babu alisimama. Kigoda kilianguka.

"Ludia."

Nikarudia, L mbili. Likawa jina la babu yake, lile lile la kwenye hadithi.

Ndipo nilipoangalia kioo vizuri na kuona lilivyoandikwa. Lilikuwa na R mbili. Jina la mtu mwingine labda, wa mahali pengine labda, maana hati haikutaja kijiji. Au labda karani wa Kizungu alisikia L akaandika R. Sijui, na hakuna atakayejua. Lakini babu alikuwa ameshaweka viganja vyote viwili juu ya kioo na macho yake mabovu yanatoka maji, na mimi nikanyamaza. Kunyamaza nilikuwa nimezoea.

"Mzee, hiyo ni picha tu," shangazi alimwambia. Nampa haki yake, alisema. "Ni ya kupambia ukuta."

"Najua ni picha," babu alisema. "Kwani picha ya mtu si ya mtu?"

Shangazi alifikiri kidogo, kisha akasema kama anaitaka, alete jogoo. Wiki iliyofuata babu alileta jogoo mwekundu mwenye kucha ndefu, shangazi akamchinja Jumapili. Kwenye mchuzi alisema, "Babu yako ameninunulia nyama kwa babu yake," akacheka. Mimi nilikula paja.

Shauri liliitwa mwezi wa kumi, kabla ya mvua, kwenye baraza la ardhi la kijiji. Shule ilikuwa imefungwa, babu akanifuata nikamsaidie kubeba fremu, iliyokuwa bado dukani. Tulisafiri kwa basi dogo kisha pikipiki, mimi nyuma kabisa, fremu katikati yetu imefungwa kitenge cha mama, kioo kinanibonyeza kifuani kila shimo. Kila tuliposimama watu walikuwa wanatusalimia kwa sauti ya chini. "Poleni sana." "Poleni na msiba." Kwa sababu huku ukimwona mzee na mtoto wamebeba fremu kubwa imefunikwa kitenge, ni picha ya marehemu inakwenda matangani.

"Hajafa mtu!" babu alikuwa anawajibu, anacheka. "Huyu ndiyo kwanza amefufuka!"

Na njiani alikuwa ananifundisha. "Ukifika pale soma kwa nguvu. Usisome kama kuku anayetaga. Soma kama mke wa mwanangwa."

"Mke wa mwanangwa anataka soda kwanza."

"Utakunywa kreti."

Alilisema lile neno kwa L, kama yote.

Ofisi ya kijiji ni chumba kimoja, bati halina dari, mabenchi manne. Wazee wa baraza walikuwa saba, wakiwemo wanawake watatu. Mama alikaa karibu na mlango, khanga mdomoni. Jirani alikaa mbele, amevaa kofia ya pama. Karibu na dirisha alikaa mtendaji wa kijiji, mwandishi wa shauri, kijana mgeni ambaye hana hata mwaka huku. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata, na Kiswahili chake kimenyooka kama cha redioni. Nilipoingia alinitazama mara moja, mimi nikaangalia sakafu.

Babu alifungua kitenge mwenyewe. Kioo kilipiga mwanga ukutani.

"Bwana mwenyekiti, mimi nina kalatasi," alisema. "Kalatasi ya selikali ya Wazungu. Babu yangu yumo humu, na msalaba wake ameuchola mwenyewe."

"Ka-la-ta-si," mtendaji alisema polepole huku anaandika, kama anaifundisha kalamu yake. "Sawa, mzee. Kalatasi moja."

Watu wawili walicheka. Wote wawili wanasema kalatasi, nimewasikia kwa masikio yangu. Babu hakuelewa kinachochekesha, akacheka nao ili awe na adabu. Hapo nilianza kuungua. Mwanzo niliona haya kwa ajili yake. Kisha, na hili naliandika kama lilivyokuwa, nikaanza kumwonea haya yeye. Ile kofia yake iliyoliwa na panya, ule mdomo usio na meno, ile L.

Hati ikazungushwa. Jirani aliishika, akaisogeza karibu na pua.

"Hapa kuna R mbili," alisema. "Jina la babu yake sote tunalijua, lina L. Huyu ni mtu mwingine. Huyu labda hata si wa huku."

"Tulia," alisema mwenyekiti, mzee wa makamo ya babu. "Sisi huku R na L ni ndugu. Mimi kitambulisho changu jina la ukoo lina L, cha mke wangu wameandika R, na tunalala kitanda kimoja."

Wakacheka, lakini kicheko hiki kilikuwa chetu. Mwanamke mmoja wa baraza akasema hata cheti cha ubatizo cha mwanawe kiko hivyo. Mwingine akasema makarani ndio wametuharibia majina. Nikaona mama anaushusha upindo wa khanga. Shauri lilikuwa linageuka, likija upande wetu lenyewe, bila mtu kulisukuma.

Jirani aliliona pia. Alivua pama.

"Basi kama R na L ni ndugu, kesho na mimi nitaleta kalenda ya ukutani, niseme yule aliyevaa tai ni babu yangu! Sikilizeni. Huyu msichana ni mjukuu wake. Anasoma mjini, sekondari. Asome yeye. Asome lilivyo. Likitoka kwa L, mimi nakwenda kung'oa vigingi vyangu leo hii, kabla jua halijazama. Likitoka kwa R, mzee aniachie majaruba yangu."

"Mmesikia wote?" mwenyekiti aliuliza haraka haraka, kama mtu anayefunga mlango kabla mbuzi hajatoka. "Mtendaji, andika. Msichana njoo."

Babu alikuwa anatabasamu. Mwenyekiti alikuwa anatabasamu. Walidhani limekwisha. Katika chumba kile kizima, kati ya wote waliozaliwa huku, hakukuwa na mdomo hata mmoja ambao ungeweza kulisoma lile jina kwa R hata ukitaka. Wangu tu.

Nilisimama na fremu mikononi. Mtendaji aliinua kalamu, akanitazama, na kwenye kona ya mdomo wake niliona kicheko kimeshajiandaa, kinasubiri tu neno la kwanza. Nilikijua kicheko kile. Nilikuwa nimekaa nacho darasa moja miaka mitatu.

Nilisoma kuanzia juu. Karatasi. Serikali. Barabara. Kila R niliizungusha. Kilinipanda kitu kama joto la homa lakini kitamu. Kile kicheko cha mtendaji kilianza kuyeyuka, akaegemea mbele. Nikashuka kwenye majina, la kwanza, la pili, la tano.

Jina la sita nililisoma kwa R mbili. Safi. Zilizunguka ndani ya bati lile kama nimezitupa.

"Umesoma vizuri sana," mtendaji alisema. Kisha akaandika.

Mimi nilifurahi. Sitaki kudanganya hapa, ambapo hakuna anayenisikia. Nilifurahi kwa muda kama wa kupumua mara mbili, furaha nzima, isiyo na doa, ndipo nikamwona babu.

Hakuwa amekasirika. Alikuwa ameinamisha sikio, kama mtu aliyeitwa kutoka mbali na hana hakika kama ni yeye.

"Mke wangu," aliniambia, kwa upole kabisa. "Ludia."

Alinipa nafasi. Chumba kizima kilisikia kwamba ananipa nafasi. Mwenyekiti alikuwa ananikazia macho mpaka yanataka kutoka. Ningeweza kusema nimekosea, ningeweza kukohoa, ningeweza kulisoma kama nilivyolisoma dukani, na lile la dukani ndilo la mdomo wangu wa kuzaliwa. Lakini mtendaji bado alikuwa ananitazama. Nikafikiri, nikisema L sasa, atajua kwamba na mimi ni wa hivyo.

Nikarudia. R mbili.

"Haya!" jirani alipiga paja. "Hata mke wake amemkana!"

Mabenchi yalicheka yote, na wale wa kwetu walicheka pia, kwa sababu ilikuwa inachekesha. Mtani ametaniwa mbele ya watu. Utani wetu, ule wa mawe na meno, jirani alikuwa ameuokota na kutupiga nao. Mwanamke mmoja alijaribu kusema jamani, jamani, mzee wa watu, lakini yeye mwenyewe mabega yalikuwa yanatikisika.

Babu alisubiri wamalize.

"Leta wino," alisema.

"Si lazima leo, mzee," mtendaji alimwambia. "Unaweza kukataa usuluhishi, ukaenda mbele, wilayani."

"Nikaseme nini huko? Leta wino."

Mtendaji aliandika aya fupi: mzee amekubali kwa hiari yake kwamba majaruba matatu ya chini si yake. Akamsomea. Wakaleta kidau cha wino wa bluu, na mwenyekiti akamshika babu mkono ili dole gumba lisikose mahali, kwa sababu ya macho yake. Alilikandamiza muda mrefu. Alipoliinua alitazama alama yake kwenye karatasi ile, akauliza, "Imetokea?"

"Imetokea," mwenyekiti alisema.

Fremu ilikuwa bado mikononi mwangu. Mstari mdogo ulikuwa bado umelala chini ya ubao, umemezwa. Hawakuuona. Nikiwaza ninatafuta kuulaumu mstari ule, au shangazi, au watu wa Mwanza wanaochapa uzee kwa mashine, lakini hakuna aliyefika kwenye ule mstari. Mimi niliwahi kabla yao.

Mama hakunipiga. Tulipokuwa tunarudi nyumbani kwa miguu, babu akiwa mbele na wino kidoleni, alinivuta mkono wa gauni. "Ulikuwa unatafuta nini pale?" aliniuliza. "Nakuuliza. Ulikuwa unatafuta nini?" Kisha akaniachia, na tangu siku ile anachota maji kwa njia ya mzunguko ili asipite penye yale majaruba. Mvua zilipokuja jirani alitandaza miche yake. Mwaka huu majaruba ya juu yalikauka mwezi wa tatu. Nilipokwenda likizo nilikula udaga, na hakuna aliyesema neno juu ya udaga. Waliupakua tu.

Shuleni sasa naongea. Mwalimu wa Kiswahili amenichagua kusoma risala siku ya wazazi, na mtu akiniita Lais namwambia kwa R zote kwamba ni Rais, na wananyamaza. Ni kweli nilichokuwa nakitafuta nimekipata.

Babu alikaa miezi mitano bila kuja dukani. Dawa ya macho alikuwa anatumiwa kwa dereva wa basi. Kisha Ijumaa moja nilikuwa ninafuta kioo cha bwana harusi, nikaona kivuli chake mlangoni, na fremu imefungwa kitenge kile kile. Shangazi alikuwa amekwenda sokoni. Niliruka, nikasogeza kigoda.

"Shikamoo babu!"

"Marahaba," alisema.

R. Niliisikia kabla sijaelewa. Ilikuwa nzito, imelazimishwa, ulimi wa mtu wa umri ule umegonga mahali ambapo haujawahi kugonga, lakini ilikuwa R. Nikasubiri. Baada ya neno lile kuna maneno mawili ambayo yamekuwa yakifuata tangu nilipojifunza kusalimia. Nilikuwa nimeshaandaa jibu, lile la mawe.

"Marahaba, binti," alisema. "Shangazi yako yupo?"

"Ametoka, babu. Kaa. Kaa basi."

Hakukaa. Aliweka fremu juu ya kaunta, akafungua kitenge, akakikunja mara nne vizuri, akakiweka kwapani.

"Mwambie nimerudisha picha yake," alisema. Alikuwa anayapanga maneno moja moja, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Alikuwa ameyafanyia mazoezi, sijui wapi, labda njiani, labda bafuni kama mimi. "Kioo hakikuvunjika. Nimekirinda."

Alitaka kusema nimekilinda. Ameitafuta R mpaka akaiweka isipotakiwa. Darasani kwetu wangelichekea neno lile muhula mzima.

"Ndiyo, babu," nilisema. Nikaipokea.